Mayai Thelathini na Moja, Nafasi Moja

Sogeeni. Hadithi hii si ya kulalia, ni ya kuamulia.

Katika hifadhi ya kisiwa cha volkano, katikati ya Ziwa Turkana, walikuwepo vijana watatu wa kujitolea. Ekiru alikuwa na macho ya kuona mbali. Lomuria alikuwa na mikono isiyochoka kupiga kasia. Nakiru aliyajua mayai ya mamba tangu utotoni. Mkuu wao, Mama Akai, alikuwa na kichwa kinachomuuma.

Kosa la mayai kuibwa lilikuwa lake, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ili ahesabu viota bila kusahau, alichomeka kibendera chekundu juu ya kila kimoja. Wezi wa mayai hawakuhitaji hata kutafuta.

Asubuhi moja Ekiru, akiwa ukingoni mwa kreta, lile shimo la mlima wa volkano, aliona mtumbwi ambao wengine hawakuuona kabisa. "Mama! Wanaondoka na mayai yetu!"

Injini ya boti ikagoma, kama kawaida yake. Lomuria akavaa koti la Mama Akai la askari wa hifadhi, likambana mabega, akapiga kasia hadi viganja vikachubuka. Wezi walipoliona lile koti wakaacha ndoo juu ya mwamba, wakatokomea.

Ndani mlikuwa na mayai thelathini na moja, yamepinduka ovyo. "Msiyaguse!" Nakiru akafoka. "Yakifukiwa kichwa chini, watoto watakufa." Akalitazama kila yai juani, akatafuta doa jeupe la upande wa juu, akatia alama ya mkaa, akafukia. Yakaanguliwa ishirini na tisa.

Makao makuu yakafurahi, yakatoa nafasi ya ajira. Moja! Mama Akai aliomba tatu, wakamjibu: moja, na jina lifike leo, la sivyo wataleta mgeni.

"Bila macho yangu mngejua nini?" akasema Ekiru.

"Ungeyatazama tu yakienda," akajibu Lomuria.

"Nanyi mngefukia maiti," akasema Nakiru.

"Basi! Mmenichosha!" Mama Akai akapiga meza. "Tangu alfajiri ni hayo hayo! Kila mmoja ana haki, na hapo ndipo mnaponiua!"

Huko ufukweni ile injini mbovu, leo kati ya siku zote, ikawaka mara moja. Nahodha wa kupeleka fomu ya ajira makao makuu anaita. Fomu ina mstari mmoja mtupu, na watatu wanamkodolea macho Mama Akai.

Haya, kalamu nakupa wewe. Ungeandika jina la nani? Sema upesi, boti inaondoka.