Bibi Aliyejifunza kwa Mkamwana

Kuna watu walio radhi kupotea kutwa nzima, jua likiwachoma utosini, kuliko kumwuliza mpita njia: njia ya sokoni ni ipi? Wanaona haya. Wanadhani kinywa kikifunguka kuuliza, heshima inatoka kama moshi. Watu hao wahenga waliwajibu zamani kwa maneno matatu tu: kuuliza si ujinga. Hadithi hii ni ya bibi mmoja wa mji wa Kalemie aliyeishika methali hiyo kwa mikono miwili huku watu wakimcheka, wala hakuiachia.

Jina lake Bertille. Alikaa mtaa wa Kataki na mumewe, Papa Cyrille, aliyefanya kazi ya reli miaka thelathini na mmoja mpaka akastaafu, akabaki na kofia yake, saa yake ya mkononi na kiburi chake. Bibi Bertille alisoma madarasa manne tu. Alizaa watoto saba, akazika wawili. Mmoja wa hao wawili, Elysée, alikufa akiwa na mwaka mmoja na nusu, mchana kweupe, mikononi mwa watu wazima watano waliojua kila kitu. Katika wale watano hakuna hata mmoja aliyesema, "Mimi sijui, tuulize."

Mwanawe Papy alikuwa mji wa Kongolo, akitengeneza reli, akirudi nyumbani mara moja kwa mwezi. Mkewe Papy, Sylvie, mtoto wa mji wa Nyunzu, alibaki Kalemie na binti yao Bijou, mwenye mwaka mmoja na miezi tisa, tena Sylvie mwenyewe alikuwa na mimba ya pili iliyokwisha kukomaa. Uzazi wa kwanza ulitaka kumtoa roho. Alishinda siku mbili nyumbani na uchungu, akafika hospitali amekuwa kama kitambaa kilichokamuliwa, wakampasua. Safari hii daktari hakumung'unya maneno: "Tutakupasua tena. Njoo siku niliyoiandika, kabla ya uchungu, ulale hapa siku saba. Ukichelewa, usinilaumu."

Siku hiyo ilikuwa imebaki nusu mwezi. Bibi Bertille alimkuta mkamwana wake uani anatwanga sombe, yale majani ya muhogo, machozi yakimdondoka kinuni.

"Mama, mimi siendi," Sylvie alisema bila kuinua macho.

"Huendi wapi?"

"Hospitali. Bijou hajalala hata siku moja bila mimi. Siku saba! Atabaki na nani?"

"Na mimi."

Sylvie akazidi kutwanga. Mchi ukapanda, ukashuka. Mchi ule ulimwambia bibi zaidi ya maneno: mkamwana hakumwamini.

Mtu mwingine angechukia na kwenda zake. Huku kwetu, mama akienda kuzaa, mtoto mkubwa hatengenezewi njia. Wazee husema kupanga mambo ya uzazi mapema ni kuita mikosi. Siku ya uchungu ikifika, mtoto ananyakuliwa kama furushi, anapelekwa kwa bibi, analia siku mbili, na siku ya tatu sauti inakauka, watu wanasema amezoea. Bibi Bertille alikuwa amewapokea wajukuu wanne kwa namna hiyo. Alikumbuka macho yao. Akavuta kigoda, akaketi.

"Sylvie, nifundishe mutoto wako."

"Mimi nikufundishe wewe, Mama? Wewe uliyezaa saba?"

"Wale saba niliwajua. Huyu simujui. Anza."

Tangu siku ile, kila asubuhi bibi alivuka mtaa kwenda kwa mkamwana wake, akauliza. Bijou anabebwa mgongoni vipi? Uji anaupenda mzito au mwepesi? Akiamka akilia, analilia nini? Akajifunza kwamba Bijou hali mpaka ashike kijiko chake mwenyewe, hata kama nusu ya uji inaishia kifuani. Akajifunza kwamba halali pasipo kufunikwa kitenge cha mama yake, tena kile ambacho hakijafuliwa. Mchana akambeba, akamlaza, na siku ya nane akamchukua kulala kwake. Bijou alilia kama aliyepakwa pilipili, kisha akalala. Kesho yake alilia kidogo. Siku ya kumi alimtangulia bibi njiani, ndala mkononi.

Mtaa wa Kataki una masikio. Haikuchukua muda wifi yake, Mama Hortense, dada wa Papa Cyrille, akaja na kicheko chake kilichotangulia mlangoni.

"Eti wifi, nasikia umeingia shule ya chekechea! Diplome watakupa lini?"

"Nikiipata nitakuazima," Bibi Bertille akajibu, huku akipepeta mchele.

Papa Cyrille hakucheka. Yeye aliona haya. "Unanitia aibu, Mama. Mimi nimekuwa mashinisti, nimeendesha gari-moshi. Tangu lini mashinisti akamuuliza abiria njia?"

"Reli ina njia moja tu, Papa. Mutoto ana mia."

"Uliza basi, lakini uliza pole pole, watu wasisikie!"

"Nitauliza kwa sauti, wasikie, na anayejua anijibu."

Siku mbili kabla ya Sylvie kwenda kulazwa, bibi aliuliza swali ambalo hakuwa amelipanga. Walikuwa wanakunja nguo za kichanga. Alimtazama mkamwana usoni, akasema, "Umenifundisha mengi. Sasa niambie lile unaloogopa kuniambia."

Mikono ya Sylvie ilisimama. 

"Mama, usimuambie mutu. Bijou anaangukaga."

"Anaanguka namna gani?"

"Homa ikipanda, anakakamaa, macho yanageuka, anatetemeka mwili muzima. Mara mbili sasa. Hata Papy hajui. Niliogopa mutasema nimeleta kifafa kutoka Nyunzu, ama nimeleta uchawi."

 Degedege! Ndilo lililomchukua Elysée. Bibi Bertille hakumwona mjukuu tena. Alimwona mwanawe wa zamani, kijiko kimesukumwa kati ya meno, moshi wa pilipili puani, ndoo ya maji baridi imemwagwa juu yake, na watu wazima watano wakipigiana kelele. Alitamani kunyanyuka akimbie. Akapiga moyo konde, akauliza.

"Kwenye kituo cha afya walikuambia nini?"

"Walisema nimulaze ubavu, chini, mahali pasipo kitu cha kumuumiza. Nimulegeze nguo. Kinywani nisitie kitu, hata kidole. Nisimubane. Nitazame saa. Ikiacha, nimukimbize kwao. Zikipita dakika tano haijaacha, nisingoje, nimukimbize vile vile."

"Sema tena."

Sylvie akasema tena. Bibi akamlaza Bijou mkekani ubavu, akajaribu mbele ya mama yake mara tatu, Bijou akicheka akidhani ni mchezo. Mara ya nne Sylvie akasema, "Basi, Mama. Sasa naweza kwenda." Na siku iliyoandikwa ilipofika, akaenda, amebeba ndoo yake na mfuko wa nguo, hakugeuka nyuma.

Walimpasua salama, akazaa mtoto wa kiume. Lakini furaha haikai nyumba moja siku tatu. Siku ya tatu, saa nane mchana, Bijou aliacha uji. Akaweka kichwa kwenye paja la bibi yake, na paja likaungua. Bibi alikuwa anamfunga mgongoni ampeleke kituo cha afya pale mwili wa mtoto ulipokakamaa kama ubao. Macho yakageuka, yakabaki meupe. Povu likachungulia mdomoni.

Mama Hortense, aliyekuja kuwaletea samaki wadogo wa ndagala, alipiga yowe lililoita nusu ya mtaa. "Anakufa! Jamani, mutoto anakufa! Leteni maji! Choma pilipili!"

Papa Cyrille alitoka ndani mbio, kijiko mkononi. "Fungua meno yake! Atameza ulimi!"

Bibi Bertille alikuwa amekwisha kumlaza mtoto ubavu juu ya mkeka na kumlegeza nguo. Akasimama kati ya mkeka na watu wote wale, Mama Hortense amekwisha kushika ndoo. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, lakini siku ile alijaza ua mzima.

"Kijiko hicho hakiingii!"

"Mama, una wazimu? Mutoto anakufa!"

"Kiliingia kwa Elysée, Papa. Kilimsaidia nini?"

Papa Cyrille alisimama kama aliyepigwa kofi. Katika miaka thelathini jina hilo halikuwa limetajwa kati yao kwa sauti namna hiyo. Kijiko kikaning'inia mkononi mwake.

"Wifi, weka hiyo ndoo chini. Hizo pilipili musizichome. Na wewe Papa, wewe mutu wa reli, hapa hakuna anayejua dakika kukupita wewe. Shika saa, hesabu kwa sauti!"

Papa Cyrille alitazama saa yake kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuiona. Kisha sauti yake, nzito, iliyozoea kuwaambia watu lini gari-moshi litaondoka, ikaanza: "Nusu dakika... Moja..."

"Naenda kumuita mama yake hospitali!" Mama Hortense akapiga kelele, akijifunga kitenge upya. "Mimi sitashiriki mauaji haya!"

"Mama yake ana mishono ya siku tatu tumboni. Ukimuambia hivi, atashuka kitandani, na tutazika wawili. Toka ukaite pikipiki, ama kaa kimya. Ukienda hospitali, wifi, kwangu usirudi tena."

Watu waliojaa uani walisubiri bibi avunjike. Hakuvunjika. Alipiga magoti kando ya mkeka, hakumshika mtoto wala hakumbana, alimwimbia tu chini chini ule wimbo usio na maneno ambao Sylvie humwimbia. 

"Mbili..." Sauti ya Papa Cyrille ilipasuka. "Mbili na nusu..."

Mwili wa Bijou ukalegea. Pumzi ikaingia, ndefu, kama ya mtu aliyetoka majini. Kisha akalia. Hakuna wimbo uliowahi kusikika mtamu Kataki kuliko kilio kile.

Pikipiki ilikuwa mlangoni. Mama Hortense ndiye aliyeiita.

Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, wakakuta malaria. Wakamchoma sindano, wakambakiza hapo mpaka homa ikashuka, na kesho yake muuguzi akampa bibi dawa za kwenda nazo. Alikuwa mwanamke mwenye haraka. Foleni ilikuwa ndefu mpaka nje.

"Haya, Mama. Anayefuata!"

Bibi Bertille hakuondoka. "Binti yangu, hii nampa kabla ya uji ama kisha?"

"Kisha."

"Na akiitapika?"

Wanawake kwenye foleni wakaanza kuguna. Mmoja akacheka kwa sauti: "Bibi mwenye mvi zote hizo hajui kunywesha mutoto dawa!"

Bibi akamgeukia. "Sijui. Ndiyo maana nauliza. Wewe unajua?"

 Yule mwanamke akamtazama mtoto wake mwenyewe mgongoni, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Hebu atujibu. Hata mimi wangu anatapikaga."

Muuguzi akacheka, akaweka kalamu chini, akawaeleza wote: akitapika kabla ya nusu saa kupita, arudishiwe dozi ile ile, akitapika kila mara, arudishwe kituoni. Foleni nzima ikasogea kusikiliza. Kisha muuguzi akauliza, "Jana, kama ulivyonieleza, ulimulaza ubavu, hukumutia kitu kinywani. Nani alikufundisha?"

"Mukamwana wangu."

"Wengi hawakubali kufundishwa na mukamwana."

"Wengi wamezika," bibi akajibu, akamfunga mjukuu mgongoni.

Kutoka pale alikwenda moja kwa moja hospitali, akamwacha Bijou nje kivulini na babu yake, aliyefuatana nao. Hakutaka Sylvie aisikie habari kwa mtu mwingine. Alimkuta ameketi kitandani, kichanga titini.

"Bijou alianguka jana," alisema. "Amesimama. Yuko nje, anamsumbua babu yake."

 Machozi yalimtoka Sylvie, lakini mguu wake haukushuka kitandani. "Ulifanya kama nilivyokuambia?"

"Neno kwa neno."

"Basi nitalala hapa siku zangu zote saba, Mama."

Nje, Mama Hortense alikuwa amefika na chungu cha mboga kwa ajili ya mzazi. Alijaribu kutabasamu. "Lakini wifi, pale kwenye foleni, mbele ya wanawake wote, kuuliza uliza kama mutoto wa shule! Wamenihadithia njiani. Aibu hukuiona?"

"Sikuiona. Na kesho nitauliza tena."

Hortense akacheka, safari hii bila meno ya kuuma. Papa Cyrille hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya ukuta mfupi, Bijou amelala kifuani mwake, kichwa kimening'inia upande mmoja, na mzee mwenyewe amekakamaa, hathubutu kusogea. Akakohoa. Akatazama kushoto na kulia aone nani anasikia. Watu walikuwa wengi, wagonjwa, wauguzi, wachuuzi wa mikate. Akauliza hata hivyo, kwa sauti ya mtu wa reli, kila mtu akasikia:

"Mama Bertille, nikitaka kumuhamisha huyu bila kumuamsha, naanza na kichwa ama naanza na miguu?"

Bibi akaenda kumwonyesha, na wala hakuna aliyemcheka mzee yule. Wale watano waliojua kila kitu walizika mtoto. Bibi huyu aliyesema sijui alirudi nyumbani na mjukuu hai mgongoni. Anayetaka kubishana na wahenga, aanze kwa kubishana naye: kuuliza si ujinga.