Leo Naila Nyumba Yako

Wahenga waliposema upweke ni uvundo, hawakumkusudia mpweke peke yake. Uvundo hauna mlango; ukianzia nyumba moja, jirani naye humfikia.

Mzee Sultani wa kijiji cha Makote alipofariki dunia, mjane wake, Mama Dastani, alibaki peke yake. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu, na wanawe wote walikuwa Dar es Salaam wakiuza mitumba. Watu wakaanza kunong'ona juu ya macho yake mekundu, eti ni ya kichawi. Naye, kwa kuiogopa minong'ono, akawa anafunga mlango mchana kutwa. Wakazidi kumwogopa.

Asubuhi moja Dina, ambaye mwanawe alikuwa hoi kwa homa, alipita hapo na ndoo ya maji. Akasikia sauti ndani: "Usilie! Nimekula huku, nimekula na kule. Leo naila nyumba yako!" Ndoo ikamponyoka. Alitimua mbio hadi kwa mumewe, Jafari, akamweleza aliyoyasikia.

Punde si punde wanaume walijaa uani kwa Mama Dastani na mapanga.

"Mchawi, toka!"

Mama Dastani alijikunyata nyuma ya kitanda.

Mzee Ambrosi, rafiki wa marehemu, alifika akitweta. Tangu msiba hakukanyaga pale, akichelea kusemwa kwamba anamwendea mjane.

"Amesema nini hasa?" aliuliza. Dina akayarudia maneno. "Mungu wangu! Hayo si maneno ya bao? Kula ni kuteka kete za mwenzio, na nyumba ni shimo lake kubwa."

Jafari alilijua bao vizuri, lakini hofu huziba masikio. "Anacheza na nani, babu, naye yuko peke yake?"

Ambrosi alibisha mlangoni. "Hodi, shemeji. Ni mimi, Ambrosi."

Mlango ulifunguka kidogo. Sakafuni palikuwa na bao la Sultani, na kete zake. Upande wa pili palikuwa na kigoda kitupu, na juu yake kofia ya marehemu.

"Nacheza zamu yangu, nacheza na yake," alisema Mama Dastani huku akilia. "Nikinyamaza naogopa, shemeji."

Ambrosi aliinua kofia taratibu, akaketi. "Zamu ya nani?"

"Yako."

Mtoto wa Dina alipelekwa hospitali Ndanda, akatibiwa malaria, akapona. Tangu hapo wazee huja kila alasiri kucheza kwa Mama Dastani, mlango u wazi. Jafari akisikia kete zikilia humo, mwili humsisimka. Ambrosi angechelewa kidogo tu, bibi wa watu angekatwa mapanga kwa kukosa wa kucheza naye. Kweli, upweke ni uvundo.