Nyigu Usoni mwa Kalunde

Maiti mwema hafukuzi nyigu. Nimemwambia Sayi hivyo alipolalamika kwamba amepewa nafasi isiyo na neno hata moja, nanyi mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huu umetoka wapi. Ulianzia katika ukumbi huuhuu, hapa Tabora. Nitasema niliyoyaona na kuyasikia, basi.

Saa tisa na dakika kumi alasiri, siku ya Jumamosi, nyigu mmoja aliingia jukwaani kwa dirisha la kushoto. Nyigu walikuwa na kiota chini ya paa na sote tulishawazoea, isipokuwa Kalunde. Mwaka uliotangulia mmoja alimuuma shavuni, na jicho likafumbika siku mbili.

Mstari wa mbele, kiti cha tatu, alikaa Bwana Rugaimukamu, mtayarishaji wa tamthilia za televisheni kutoka Dar es Salaam. Alitafuta mwigizaji mmoja tu, na alisema ana saa moja. Mchezo wetu ulikuwa wa saa mbili. Kiongozi wetu, Mwalimu Mihayo, akaukata katikati. Sehemu iliyoondoka ni ile ambayo mke yu hai na anagombana na mumewe. Uliobaki ni msiba wake.

Mke alikuwa Kalunde. Alishatimiza miaka tisa kundini, na alikuwa amewaahidi wazazi wake kwamba mwaka huo usipomletea kazi, ataacha maigizo.

"Kwa hiyo mimi nilale tu, Mwalimu?" aliuliza.

"Ulale vizuri," alijibu Mihayo.

Mimi nilikuwa mkumbushaji. Nilikaa nyuma ya pazia na daftari, mtu akisahau maneno namnong'oneza. Kwa hiyo najua kilichoandikwa na kilichoongezwa. Siku ile kila mmoja alikiigizia kiti cha tatu. Mwanamke wa kuleta maji, ambaye kazi yake ni kuyaweka chini na kutoka, alisimama akalia kilio ambacho hakimo daftarini. Kapela, aliyekuwa mume, aliomboleza huku amempa marehemu kisogo, ili uso wake uonekane na mgeni.

Kisha akageuka kufunua sanda, na nyigu akatua kwenye paji la uso la Kalunde.

Kapela alimwona nyigu, na maneno yakampotea. Nikamnong'oneza mara mbili, hakusikia. Nyigu akateremka puani, akasimama, akahamia kwenye kope la kushoto. Mihayo alikuwa karibu nami ameshika kamba ya pazia.

"Nifunge?" aliniuliza.

"Amejitikisa?"

"Bado."

"Basi bado."

Mama mmoja kwenye mstari wa pili akasema, "Jamani, mdudu huyo." Nilitazama kifua cha Kalunde. Hakikupanda. Alikuwa akivuta pumzi kwa tumbo, chini ya mikunjo ya sanda, kidogo kidogo.

"Ataumwa huyu," Mihayo alinong'ona. "Nafunga."

Nikamshika mkono. Wakati huohuo nyigu akamuuma.

Nililiona kope likianza kuvimba. Kidole hakikusogea, mdomo haukusogea. Nyigu akaruka, akarudi dirishani. Kapela akapiga magoti, akampa mgeni kisogo kwa mara ya kwanza, akayasema maneno yake yote kwa sauti ya chini, akimtazama mkewe. Akamfunika. Ndipo Mihayo akafunga pazia.

Saa kumi kasoro dakika tano mgeni aliingia nyuma ya jukwaa. Waigizaji walishajipanga. Kapela alikuwa na bahasha ya picha zake kwapani.

"Maiti yuko wapi?" aliuliza mgeni.

"Maiti hana maneno, bwana," alisema Mihayo. "Yake tuliyakata."

"Nimeuliza yuko wapi."

Alikuwa kwenye benchi la pembeni, amejibandika kipande cha kitunguu jichoni. Mgeni akasimama mbele yake.

"Ulijua kwamba nipo?"

"Nilijua."

"Mbona ulivumilia hivyo? Ungejifunika tu, ningeelewa."

"Mimi nilijua upo, bwana," alisema Kalunde. "Yule maiti hakujua."

Mgeni akamwomba amsomee yale yaliyokatwa. Kalunde hakuhitaji daftari langu. Aliyasema yote pale benchini, jicho moja limefumbika, na Kapela akamjibu kama mumewe. Kama alichaguliwa kwa sababu ya nyigu au kwa sababu ya maneno yale, sijui, mgeni hakusema. Alichofanya ni kutoa kalamu na kuandika jina la Kalunde na namba yake ya simu.

Yule mwanamke wa maji akaguna. "Nimelia mpaka koo limekauka, anachukuliwa aliyelala?"

Kapela alikuwa bado na bahasha yake kwapani, haijafunguliwa.

"Wewe ulipomlilia mgeni, ulikuwa unafukuza nyigu," alimwambia. "Mimi pia. Maiti mwema hafukuzi nyigu."