Fukusi na Mgeni Wake Dumuzi

Hadithi, hadithi!

— Hadithi njoo!

Njoo na kigoda chako, maana changu nimekikalia.

Hapo zamani Fukusi, yule mdudu mwenye mdomo mrefu, alihamia kihengeni kwa Mama Nyamizi, kwenye mahindi ambayo hayajapukuchuliwa. Akaishi kwa adabu zake. Punje moja, tundu moja, yai moja, kisha analiziba. Wanawe walikuwa humo ndani ya punje, naye kutwa anazunguka kuwalinda. Mama Nyamizi alijua? Thubutu, hakujua.

Akaja Dumuzi, mdudu mwingine mla mahindi. Kichwa kakiinamisha chini ya kifua, utadhani mtu wa haya. Haya gani, jamani. Akaanza kwaru, kwaru, kwaru. Anatoboa, anasaga, anamwaga unga.

"Ndugu yangu, kula taratibu," Fukusi akamwambia. "Unga ukianguka, mwenye nyumba atauona."

"Ukoo wenu mmezoea kudonoadonoa," Dumuzi akajibu. "Sisi kwetu hata boriti tunatoboa."

Kesho yake Fukusi akamsihi. Kwaru, kwaru. Keshokutwa akamwangukia miguuni. Kwaru, kwaru, kwaru.

Fukusi akashikwa na hofu. Mahindi yakiisha, wanangu watakula nini? Akawaza, akapata hila: mwenye nyumba amwone huyu, amtoe.

"Kaka, wewe ni fundi kwelikweli," akamsifu. "Hebu toboa hapa mlangoni, nasi wanyonge tujifunze."

Sifa zikampanda Dumuzi kichwani. Akatoboa mpaka unga ukamwagika nje, mweupe pe.

Mama Nyamizi akauona. Akatandika turubai juani, akashusha mahindi yote, akapukuchua. Sasa Dumuzi kila akitaka kutoboa, punje inateleza. Amezoea punje iliyoshikwa na gunzi, hii ya peke yake haiwezi. Fukusi akacheka kimoyomoyo.

Mara mama akachukua ungo. Akapepeta, akapepeta, akapepeta. Dumuzi chini. Fukusi naye chini. Kisha akachambua punje zenye matundu, moja moja, akazitupa papo hapo.

Fukusi akaona wanawe wanamwagwa, akalia.

"Mama, mimi si wa ukoo wa huyu. Mimi nilikula kwa adabu. Hukuniona hata siku moja."

Mama Nyamizi akamtazama kwa utulivu.

"Huyu nilimwona, ndiyo maana nimemtoa leo," akasema. "Wewe ungenimalizia hata mbegu, na mimi nalala usingizi."

Akawaita kuku.

Hadithi nimeshaipukuchua. Gunzi hilo hapo, litieni motoni, tukalale.