Kwa Nini Kuku Huoga Vumbi

Hapo kale kuku hakujua kuoga vumbi. Alimngoja binadamu amsafishe, kama mtoto mchanga anavyomngoja mama yake.

Wakati huo aliishi mzee Mbaruku na mkewe, Mwanakombo. Mungu hakuwajalia mtoto. Aliwapa kuku, nao wakashukuru. Kila asubuhi, akishamaliza sala, Mwanakombo alifagia banda, akakwangua kinyesi kwenye vichanja na kubadilisha nyasi za viota. Kisha alichota majivu ya jikoni, akayatandaza sakafuni kwa kiganja. Yaliyobaki aliwapaka kuku chini ya mbawa, mmoja mmoja, huku akisema nao taratibu. Kuku walifumba macho, na utitiri haukuwasogelea.

Mwanakombo akaugua ghafla, akafa.

Baada ya maziko, Mbaruku aliingia bandani kuwapa kuku maji. Pembeni, mahali kuku wasipokanyaga, aliona majivu ya mwisho aliyotandaza mkewe, na juu yake alama za vidole vyake. Akachuchumaa kuziangalia mpaka maji yakammwagikia miguuni. Tangu hapo hakuruhusu ufagio upite mlango ule. Kila siku alikwenda kuzitazama alama zile na kumwombea marehemu.

Lakini kinyesi kilizidi. Nyasi za viota zikaoza, utitiri ukajaa mbawani. Tetea mweusi, aliyependwa na Mwanakombo kuliko wote, akaacha kutaga, akawa anashinda amejikunyata.

Siku moja Bi Tatu, mdogo wake marehemu, alikuja kumjulia hali shemeji yake. Alichungulia bandani, akatoka akijikuna shingo.

"Shemeji, humu unafuga kuku au unafuga utitiri?"

"Ufagio uache huko huko nje," alisema Mbaruku. "Alama za mkono wake zimo humu. Ukizifagia, mimi nitabaki na nini?"

 Bi Tatu akamchukua yule tetea mweusi, akampakatisha Mbaruku. Kuku alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

"Huyu naye anamngojea dada," alisema. "Atakufa akingoja. Na dada angelikuta banda hivi, wallahi angekufagia wewe kwanza!"

Mbaruku akacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kicheko kikaishia kwenye machozi.

Akachukua koleo mwenyewe. Alikwangua banda lote, ile pembe akaiacha mwisho. Hapo alipiga magoti, akaweka kiganja chake juu ya alama zile, akasema, "Ya Rabi, mpokee." Ndipo akayazoa majivu, akayamwaga uani.

Tetea mweusi akayafuata akiyumba. Akayachimbua kwa kucha, akalala ubavu, akajirushia majivu chini ya mbawa, pale pale ulipokuwa ukipita mkono wa Mwanakombo. Akafumba macho. Wenzake wakamfuata. Mbaruku aliketi akiwatazama, asiweze kuondoka, hadi adhana ya magharibi.

Kesho yake alitandaza majivu mapya bandani kwa kiganja chake mwenyewe.

Na tangu siku hiyo kuku hujiogesha kwa majivu au vumbi, na wenye mabanda humwaga majivu sakafuni. Nawe ukimkuta kuku amelala vumbini, macho ameyafumba, usimfukuze. Kuna mkono anaukumbuka.