Chumvi ya Mzee Mkadamu

“Mfuko husema, maji hujibu.” Hayo ndiyo maneno aliyowaambia mama yenu mdogo asubuhi ya leo, mlipokuwa mkisomeana zile karatasi za vyuo zenye picha za majengo mazuri. Kisha mkaja kuniuliza yametoka wapi. Mmeuliza mahali penyewe, wajukuu zangu, kwa sababu methali hii hatukuirithi kwa wahenga. Haijatimiza hata miaka ishirini. Ilizaliwa hapa hapa Iringa, katika nyumba niliyoingia kwa miguu yangu, na aliyeitamka mara ya kwanza alikuwa mtu mwenye shida kubwa ya kusema.

Wakati huo nilikuwa mtunza maabara katika shule ya sekondari. Mwalimu wetu wa kemia aliitwa Mwanahawa binti Mkadamu, mzaliwa wa Jibondo, kisiwa kidogo kilicho jirani na Mafia. Alikuwa mwalimu mkali wa vipimo. Mwanafunzi akimwambia “nadhani”, alimrudisha mezani apime tena. Hakuwa na ndugu wa tumbo moja, na mama yake alikwisha kufariki. Aliyebaki ni baba yake, Mzee Mkadamu.

Mzee huyo alikuwa mpiga mbizi. Kwa miaka thelathini alishuka chini pamoja na watafiti kuhesabu matumbawe, akayajua kama mfugaji anavyowajua ng’ombe wake: lipi limekua, lipi linaumwa, lipi limevunjwa na nanga. Kisha akapatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukalala, mguu ukawa wa kuburuta, na ulimi ukawa mzito. Akili yake ilikuwa nzima kabisa, lakini maneno yalitoka mawili au matatu, kwa jasho, kisha yakakatika.

Hospitali ilimpa Mwanahawa karatasi iliyosema mgonjwa akae karibu na mahali pa mazoezi ya viungo. Iringa palikuwapo, Jibondo hapakuwapo. Mwanahawa aliisoma karatasi ile mara moja, akaenda kisiwani, akamfungashia baba yake nguo, na kabla wiki haijaisha mzee alikuwa amekaa sebuleni Iringa, amevaa sweta mbili, anatazama ukuta.

Mazoezi yalimsaidia mguu. Mengine yalirudi nyuma. Alikula vijiko vichache. Alipoulizwa jambo, aligeuza uso. Miezi minne ilipita hivyo, na Mwanahawa alianza kukonda kama mgonjwa mwenyewe.

Ndipo alipopata wazo la kumletea baba yake bahari. Alinunua tangi la kioo la lita mia mbili, taa zake, na pampu ya kuzungusha maji. Vipande vya matumbawe alivipata kwa mfugaji mmoja wa Dar es Salaam mwenye kibali cha kuvikuza. Havikuwa vikubwa kuliko kidole gumba. Alivigandisha juu ya mawe, akatia na samaki wawili wadogo, akasubiri.

Mzee aligeuza kiti chake siku ile ile. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya uji alikaa mbele ya kioo mpaka jua likafika dirishani. Mwaka ulipokwisha, kipande kimoja cha tumbawe la pembe kilikuwa kimeota matawi kama kichaka kidogo, rangi yake ya kahawia, ncha zake za zambarau. Niliwahi kumkuta mzee akikielekezea mkono wa kushoto. Alihangaika na neno, likatoka. “Kwetu,” alisema. Nilikuwa sijamsikia akitamka neno tangu tufahamiane.

Sasa lazima niwaeleze habari ya chumvi. Sisi huku hatuna bahari. Anayetaka maji ya bahari lazima ayatengeneze: anachuja maji mpaka yawe matupu, kisha anatia chumvi maalumu. Si chumvi ya jikoni. Ndani yake mna madini mengine ambayo matumbawe hujengea mifupa yao. Kila Jumamosi Mwanahawa alitoa ndoo moja ya maji ya zamani, akatia ndoo moja mpya. Chumvi aliyoanza nayo ilikuwa ya aina moja tu, na matumbawe yaliizoea.

Siku moja muuzaji alimpigia simu. Chumvi ile haiagizwi tena. Zimebaki aina mbili: moja imo katika mfuko wa buluu, umeandikwa jina na uzito, basi. Nyingine imo katika mfuko mweupe wenye maandishi ya dhahabu. Mfuko huo ulieleza kwamba chumvi yake ina madini mengi zaidi, kwamba rangi zitang’aa, na kwamba matumbawe yatakua kwa kasi maradufu.

Mwanahawa alichagua mweupe. Aliniambia mwenyewe shuleni, akifurahi. “Mama Lugendo, baba anastahili kilicho bora,” alisema. Nami nikamwitikia kwamba ni kweli. Sikumwuliza kama ameipima. Nilidhani mtu kama yeye hawezi kuulizwa hivyo.

Jumamosi hiyo hakubadilisha ndoo moja. Alitaka baba yake aone tofauti upesi, kwa hiyo alitoa zaidi ya nusu ya maji ya tangi na kutia mapya yote kwa mkupuo. Alipima jambo moja tu, ukolezi wa chumvi, nao ulikuwa sawa na wa zamani. Mengine aliuamini mfuko. Maji yalikuwa maangavu. Samaki waliogelea kama kawaida. Alikwenda kulala na moyo mweupe.

Jumatatu asubuhi ncha za tumbawe la pembe zilikuwa nyeupe. Mwanahawa alidhani zinakua. Jumanne nyama yake ilianza kubanduka na kuelea majini kama utando wa uji uliopoa. Jumatano tawi zima lilibaki mfupa, na jirani zake wawili walikuwa wamejifunga, hawafunguki tena. Mzee Mkadamu hakutaka kuondoka kwenye kiti hata kwa chakula. Aliweka kiganja chake cha kushoto juu ya kioo na kukiacha hapo.

Mwanahawa alinipigia simu niende. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya tangi, mfuko mweupe mikononi mwake, akisoma kwa sauti yale yaliyoandikwa, kama anayemsomea mtu mashtaka yake.

“Imeandikwa hapa, baba,” alisema. “Imeandikwa ina madini zaidi. Imeandikwa inafaa matumbawe ya aina zote. Sikununua kitu kibaya.”

Mzee alimtazama. Mdomo ulijaribu, ukashindwa, ukajaribu tena.

“Uli... pima?”

“Chumvi nilipima.”

“Yote?”

Mwanahawa alitazama mfuko, kisha akatazama chini.

“Nilisoma, baba. Mfuko ulisema.”

Niliona mishipa ya shingo ya mzee ikimtoka kwa kutafuta maneno. Mtu mwenye ulimi mzima angetoa hotuba, angelaumu, angefafanua. Yeye alikuwa na nguvu ya maneno manne tu, na aliyatumia yote.

“Mfuko husema,” alisema. Akapumua. “Maji... hujibu.”

Mwanahawa aliinuka. Tulikwenda naye shuleni, tukafungua maabara. Alikuwa amebeba chupa tatu: maji ya tangi, maji yaliyotengenezwa kwa chumvi mpya, na maji kidogo ya chumvi ya zamani yaliyobaki katika dumu. Kipimo chenyewe ni rahisi, hata ninyi mnaweza. Unatia dawa tone kwa tone, unahesabu, mpaka maji yaliyokuwa buluu yageuke manjano. Idadi ya matone inakuonyesha wingi wa yale madini ya kujengea mifupa.

Maji ya zamani yaligeuka kwa tone la nane. Ya chumvi mpya yalikataa kugeuka mpaka tone la kumi na mbili. Ya tangi yalikuwa kumi na moja. Mfuko mweupe haukuwa umedanganya hata neno moja. Madini yalikuwa mengi zaidi kweli. Ila viumbe walioishi na nane mwaka mzima walipelekwa kumi na moja kwa mchana mmoja, na miili yao haikuweza kuhimili.

“Ningepima kabla,” alisema Mwanahawa, “ingenichukua dakika tano.”

Muuzaji alituma kilo moja ya ule mfuko wa buluu usiojisifu. Tuliipima kabla haijagusa tangi. Matone manane. Mwanahawa akaanza kuyashusha madini ya tangi taratibu, akibadilisha jagi moja leo, jagi moja keshokutwa, akipima asubuhi na jioni na kuandika. Ilimchukua wiki saba. Tumbawe la pembe lilikufa lote. Mengine manne yalikufa pia. Yaliyobaki yalikuwa matatu, madogo, yaliyokuwa chini pembeni ambako watu hawakuyatazama.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo wanapoisimulia. Lakini mimi nilikuwapo asubuhi moja ya wiki ile ya saba, nimepeleka dawa za kupimia. Mwanahawa alikuwa anahesabu matone. Alifika la nane, maji yakageuka, naye akaweka chupa chini na kukaa sakafuni karibu na miguu ya baba yake.

“Baba,” alisema, “ile karatasi ya hospitali niliisoma. Nikakuchukua. Sikukuuliza.”

Mzee alibaki anatazama tangi.

“Mwaka mmoja na nusu ulikuwa huli ukashiba, hunijibu salamu. Nami nikadhani ni ugonjwa.” Alimshika goti. “Nakuuliza sasa. Unataka kukaa hapa?”

Machozi yalimtoka mzee kabla ya sauti. Upande mmoja wa uso wake ulilia, ule mwingine ulikuwa hauwezi.

“Wewe... mwema,” alisema. Alitafuta tena, kwa muda mrefu, na Mwanahawa hakumsaidia kumalizia kama alivyozoea. Alisubiri. “Nipeleke... kwa Pili.”

Pili alikuwa dada yake, mjane, aliyekuwa akiishi Jibondo katika nyumba ya wazazi wao.

Siwadanganyi kwamba ilikuwa rahisi. Daktari alimwonya Mwanahawa kwamba bila mazoezi mguu unaweza kurudi ulikotoka. Wenzetu shuleni walinong’ona kwamba amechoka kumtunza mzazi wake. Yeye alijifunza mazoezi yale, akayaandika, akampeleka baba yake likizo ya Juni na kumfundisha shangazi yake. Wala hakumwacha mzee huko siku ya kwanza na kurudi. Alikaa mwezi mzima, akitazama. Aliniandikia barua, ninayo mpaka leo. Aliandika kwamba siku ya tatu mzee alimaliza sahani ya wali. Siku ya tisa alimkuta amekaa na wazee wenzake msikitini, hawasemi kitu, wamekaa tu. Wiki ya tatu alimfokea Bi Pili kwa kuzidisha pilipili, na Bi Pili akaenda nyuma ya nyumba kulia kwa furaha, kwa sababu ilikuwa sentensi nzima.

Na mguu ulirudi nyuma pia. Hilo nalo aliliandika. Kabla ya mwaka kwisha mzee hakuweza tena kutembea bila kushikwa pande zote mbili.

Mzee Mkadamu aliishi Jibondo Ramadhani mbili. Alifariki asubuhi, baada ya uji, mkono wake ukiwa mikononi mwa dada yake. Mwanahawa aliwahi mazishi. Aliporudi kazini nilimwuliza jambo ambalo labda sikupaswa kumwuliza: kama anadhani baba yake angeishi zaidi lau angebaki Iringa.

“Huenda,” alisema. “Karatasi ilisema akae karibu na mazoezi. Lakini nilimwona alivyokuwa hapa, Mama Lugendo, na nilimwona alivyokuwa kule.”

Baada ya hapo alianza kuwaambia wanafunzi maneno ya baba yake kila mara walipomletea jibu walilolitoa kitabuni bila kulijaribu. Wanafunzi wakayapeleka nyumbani, kutoka nyumbani yakafika sokoni, na sokoni hakuna aliyekumbuka tena habari ya matumbawe. Leo mwanamke huyasema akichagua mchumba wa binti yake, mkulima huyasema akishika pakiti ya mbegu. Wengi huyatumia kumaanisha kwamba matangazo ni uongo. Mzee hakusema hivyo. Mfuko ule ulisema kweli, na karatasi ya hospitali nayo ilisema kweli, na aliyevisoma alikuwa binti mwenye mapenzi. Kilichokosekana ni kumgeukia yule atakayeishi ndani ya jambo lenyewe, kumwuliza, na kumpa muda wa kujibu, hata kama ulimi wake ni mzito.

Mfuko husema, maji hujibu.