Kizuizi cha Mkono wa Kushoto

Karakana ya fundi seremala mmoja ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba, chenye dirisha dogo na meza ya kazi iliyojaa makovu ya msumeno. Humo alichonga milango, viti na vitanda vya mtaa mzima, hata watu wakambandika jina la Mkono wa Dhahabu. Lakini hujafa hujaumbika. Asubuhi moja kiharusi kilimwangusha, na alipoinuka, mkono wa kulia, huo huo wa dhahabu, ulining'inia ubavuni kama mkono wa shati lililoanikwa.

Mkewe hakumwacha alale akihesabu boriti. Alimshikisha randa katika mkono wa kushoto, akaukamata ubao kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Haya, baba watoto, sukuma. Ukinikata kidole, utapika mwenyewe." Fundi alicheka huku machozi yakimlengalenga. Siku zikapita, na mkono wa kushoto, uliozoea kufuata tu, ukaanza kujua njia.

Ila mama huyo naye alikuwa na kazi yake. Alikuwa mshonaji, na tangu awe mshika mbao, cherehani yake ilikaa imefunikwa shuka. Wateja walikuja na vitambaa, wakarudi navyo. Fundi alimwona akivipaka mafuta vidole vyake vilivyochubuka, roho ikamuuma. Jiliwa la chuma la kubania mbao lilikuwapo pale mezani, lakini lilitaka mkono mmoja ushike ubao na mwingine uzungushe skrubu. Basi akaazimia kujitengenezea vyombo vyake mwenyewe: kizuizi cha kuuzuia ubao usikimbie mbele, na kabari za kuubana ubavuni, ambazo hata mwenye mkono mmoja angeweza kuzigonga. Akifaulu, mkewe angerudi kushona. Asipofaulu, mmoja wao angeacha kazi yake kabisa, na alijua fika kwamba mkewe angejitoa mhanga.

Kosa lake ni kwamba alilifanya jambo hilo kuwa siri.

"Mama watoto, leo usije karakana. Sina haja nawe."

"Huna haja nami?"

"Nina kazi yangu, bwana!"

Mwanamke aligeuka, akarudi jikoni.

Fundi alichonga kabari akiwa ameubana mti kati ya magoti. Kisha akakipigilia kizuizi mwishoni mwa meza, kila msumari akiusimamisha kwanza kwa donge la nta. Jasho lilimtoka, lakini moyo ulimchangamka. Akaweka ubao, akagonga kabari, akasukuma randa. Ubao ukageuka, ukachomoka, ukamwangukia mguuni. Akaurudisha, ukachomoka tena. Mara ya tatu alijiachia akakaa juu ya maranda, akalia kwa kwikwi.

Mkewe alifika mbio. "Umeumia?"

"Nimeumia roho, mke wangu. Nilitaka urudi kwenye cherehani yako. Vidole hivyo si vya kushikia mbao."

"Ndiyo maana ukanifukuza?" Alikaa kando yake, akamfuta vumbi usoni. "Mwenzio nilidhani umenichoka! Nimelia huko jikoni hadi mboga ikaungua."

"Nikuchoke wewe? Nisamehe, mama. Nilikosa."

 Mwanamke akainua macho, akaitazama meza, akaangua kicheko.

"Sasa mbona umekipigilia upande wa kushoto?"

"Kizuizi hukaa kushoto. Nimefanya hivyo tangu nianze ufundi."

"Hiyo ni enzi ya mkono wa kulia! Siku hizi kwa mkono wa kushoto unasukumia wapi? Kulia! Miezi yote hii mimi nimekuwa nikikaa kulia. Kizuizi chako kilikuwa mimi, baba watoto!"

Fundi alijipiga kofi kwenye paji la uso. Alikuwa ameutengenezea chombo mkono uliolala.

Waling'oa misumari pamoja. Mkewe akakandamiza kichwa cha keekee ya kutobolea mbao kwa mikono miwili, yeye akaizungusha kwa mmoja, wakatoboa meza upande wa kulia na kuchomeka vigingi vya kukishikilia kizuizi. Fundi akaweka ubao, akagonga kabari, akasukuma randa. Ubao haukutikisika. Utepe wa mbao ulitoka mrefu, mwembamba, ukajikunja hadi sakafuni.

"Haya, nenda kashone," akasema.

"Naenda. Ngoja kwanza nikutazame."

Akasimama pale akimtazama, hadi ubao mzima ukawa laini. Chombo kile cha kumwezesha mtu kufanya kazi kwa mkono mmoja kilikuwa kimetaka mikono mitatu kukitengeneza. Kweli wahenga hawakukosea waliponena: kidole kimoja hakivunji chawa.